Filimbi Chini ya Gari

Fundi Mapengo hakuhitaji mashine kujua kama bomba la moshi linavuja. Aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, akamwambia mtu akanyage mafuta, kisha akajilaza chini ya gari na kusikiliza. Penye tundu, moshi ulipiga filimbi. Kwa sikio hilo alijijengea jina mtaa mzima.

Asichomwambia mtu ni kwamba nyundo na mashine ya kukatia chuma vilikuwa vimeyala masikio yake, tena yote mawili. Wateja wakiongea, alitazama midomo yao. Mkewe, aliyeuza vipuri pale mlangoni, alidhani ametia pamba masikioni kama waume wengine, akazoea kurudia maneno. Wazee aliwajibu "amina" tu, kwa kuwa wazee hawaishi kuombea watu heri, na mpaka siku hiyo jibu hilo lilikuwa halijamtia matatani.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa la dada yake. Shemeji, mtu wa kupenda makuu, alikuwa amelifungia ekzosi ya dukani yenye ngurumo za kutafutia sifa, lakini isiyo na masega, lile kopo la kuchuja sumu ya moshi. Gari likakataliwa kwenye ukaguzi. Mapengo akakata bomba, akapachika masega mapya, akachomelea mbele na nyuma. Akiwa huko chini aliona kutu imetoboa sakafu karibu na kiti cha nyuma, tundu la kupita vidole. Akajisemea ataliziba siku nyingine. Kisha akaweka kitambaa, dada akakanyaga mafuta, naye akasikiliza. Kimya.

"Limekaa," alisema, na dada hakubisha. Nani angebishana na sikio lile?

Mama yao, ambaye kikohozi kilikuwa kimemwandama na sasa alikuwa akipelekwa duka la dawa, alikaa nyuma na kupandisha vioo vyote kwa kuogopa baridi. Kabla mlango haujafungwa alimsogelea mwanawe akasema neno. Mapengo akatabasamu, akasema, "Amina, mama."

Gari lilipokwisha kupinda kona, mkewe alimletea chai, akamuuliza jambo. Alimuuliza tena, safari hii akimtazama usoni.

"Ile filimbi umeiziba?"

"Filimbi gani?"

"Ya gari la wifi. Si ilikuwa inalia mpaka nikaisikia kule mlangoni?"

Kikombe kilimponyoka. Kama filimbi ilikuwa mbele ya masega, basi moshi ulitoka kabla ya kuchujwa, ukapanda moja kwa moja kwenye lile tundu la sakafu, na vioo vimefungwa. Moshi wa namna hiyo haumkohozi mtu wala haumwashi macho. Humlaza tu.

Mkewe akapiga simu, ikaita bila kupokelewa, maana dada hakugusa simu akiwa kwenye usukani. Mapengo alikuwa ameshapanda pikipiki. Njia nzima alijiona muuaji kabla hajajua kama kuna aliyekufa. Magari yalimpigia honi. Hakusikia hata moja.

Alilikuta limeegeshwa mbele ya duka la dawa. Dada alikuwa ndani kwenye foleni, na injini alikuwa ameiacha ikiunguruma ili mama apate joto. Mama alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi.

Mapengo alivuta mlango, akambeba mama yake mpaka barazani, akamlaza. Akamwita. Akainama, akaweka sikio mdomoni pake kama alivyozoea kuliweka kwenye mabomba. Hakusikia kitu. Akabadilisha sikio. Kimya kilekile, kile alichokiamini asubuhi. Hakujua kama pumzi imekatika au ni masikio yake.

Dada alitoka mbio, dawa mkononi, akiuliza kuna nini.

"Nisikilizie, dada," alisema, akilia bila kujificha. "Mimi sisikii. Siku nyingi sisikii."

Dada alimkodolea macho, kisha akapiga magoti, akaweka sikio palepale. Mapengo akawa anaitazama midomo ya dada yake tu.

"Anapumua," dada akasema.

Upepo wa nje ulimpiga mama usoni. Baada ya muda akatapika kidogo, akashika kichwa, akafumbua macho. Alimtazama mwanawe, akasema jambo kwa sauti hafifu. Safari hii Mapengo hakutabasamu wala hakujibu. Alimgeukia dada.

"Anasema nini?"

Dada akasema polepole, uso wake ukimwelekea ili aone kila neno.

"Anasema alikwambia kabla hatujaondoka kwamba gari linapiga filimbi. Ukamjibu amina."