Mashuka ya Siku ya Wageni

Fundi cherehani anasimulia kwamba siku wataalamu walipokuja, Mama Mashuka alipanda juu ya boneti ya gari lao, akakaa kitako, akasema hashuki mpaka mtaa wake uchorwe kwenye ramani. Kwa usimulizi wake, dereva alipiga honi mpaka ikakauka sauti, mwenyekiti wa mtaa akapiga magoti, na yule dada mwenye ramani akaangua kilio. Fundi husimulia huku akikanyaga cherehani, na kila akifika penye kilio hukata uzi kwa meno, msikilizaji apate nafasi ya kusema, "Weee!"

Fundi hakuwepo. Siku ile alikuwa sokoni anatafuta vifungo vya sare. Lakini mtaa mzima umeishika hadithi yake, kwa sababu iliyotokea kweli haina raha ya kusimuliwa.

Iliyotokea kweli ilianzia kwenye kamba ya kuanikia.

Mama Mashuka alikuwa akifulia nyumba za wageni za barabara kuu, na kazi ndiyo iliyompa jina. Mumewe, dereva wa malori ya mbali, alikuwa mtu wa kuja na kwenda, basi uani walikuwa yeye na mama mkwe wake. Walifua kila mmoja na beseni lake. Kukamua walikamua pamoja: huyu ameshika ncha hii, huyu ncha ile, wanasokota kinyume mpaka shuka linakuwa kama kamba ya meli na maji yanawachuruzikia viwikoni. Kisha wanalikung'uta mara moja, paa! Mama mkwe alipenda sana ule mlio. Alisema shuka lisilolia halijakamuliwa.

Ng'ambo ya barabara iliyopita mbele ya mtaa wao, nyuma ya ukuta mrefu, kilikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta. Dohani yake ilionekana kutoka kila dirisha la mtaa, na moto wake ulikuwa hauzimwi. Upepo ukivuma kwenda uwandani, moshi ulikwenda huko, na mtu angeweza kusahau kama kuna kiwanda. Upepo ukigeuka, yalikuja masizi. Yalishuka polepole, madogo kama pilipili manga iliyosagwa, yakakaa juu ya mashuka bila haraka. Masizi yale hayafutwi. Ukiyagusa yanatanuka kama wino. Unayapuliza kwanza, halafu unakung'uta, halafu unalirudisha shuka majini, na hapo asubuhi yako imeshaliwa.

Meneja wa nyumba moja ya wageni alikuwa ameshamrudishia mzigo mzima. "Mama," alimwambia, "wageni wangu wananiuliza kama nimewalaza jikoni. Yakirudi tena hivi, nitatafuta mwingine."

Sasa kiwanda kilitaka kupanuka. Ingejengwa dohani ya pili, na safari hii kwenye kiwanja kilichotazamana na mtaa wao uso kwa uso. Kabla ya kujenga, ilikuwa lazima ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Na kabla ya tathmini, watu wakae wapange kitakachopimwa na mahali pa kupimia. Ndiyo habari aliyoileta mwenyekiti, akiwa amesimama katikati ya njia na kofia mkononi.

"Watachora mstari kwenye ramani," alisema. "Walio ndani ya mstari watapimiwa hewa, maji, kila kitu. Walio nje, basi tena."

"Na sisi tuko wapi?" Mama Mashuka aliuliza.

"Nasikia mstari unafuata barabara. Upande ule."

Upande ule maana yake upande wa kiwanda. Barabara yenyewe mtu aliivuka kwa pumzi moja. Masizi yalikuwa yakiivuka bila hata pumzi.

Mama Mashuka hakulala vizuri juma lile. Alijua wataalamu watakuja mchana, wakae saa chache, waondoke; na kama upepo siku hiyo utakwenda uwandani, hawataona kitu. Basi alipanga kwa akili yake. Jioni ya kuamkia siku ya mkutano alianika shuka moja jeupe, safi, halina hata alama ya kibanio, akaliacha nje. Na upepo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, ulimtii. Asubuhi alikuta shuka lina madoadoa kama kanga wa porini. Alisimama mbele yake akacheka peke yake. Hakuwahi kufurahia uchafu namna ile. Alilipita kwa mbali, hata upindo wa nguo yake usiliguse, akajitwika mzigo wa mashuka ya barabara kuu, akaenda kuupeleka mapema ili awahi mkutano.

Alipokuwa huko, mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba.

"Wageni hao! Fagieni! Mnataka waseme tunaishi jaani?"

Na mtaa ule, ambao kila siku ulilalamika, ulifagia. Mtaro uliokuwa na utando wa mafuta ulimwagiwa maji ndoo kwa ndoo mpaka ukawaka kama sahani. Vijana walipanda juu ya mabati wakayasafisha kwa mifagio. Mzee wa nyumba ya kona, ambaye kukohoa kwake kulikuwa ndiyo saa ya mtaa, aliombwa kwa heshima zote aende kwa mpwa wake ashinde huko, asije akawakatizia wageni mazungumzo. Alikwenda, tena kwa kanzu ya Ijumaa.

Mama Mashuka aliporudi aliuona mtaro, akaharakisha. Aliyaona mabati, akaanza kukimbia. Uani shuka lilikuwa pale pale kwenye kamba, jeupe pe! linadondosha maji.

Mama mkwe alikuwa ameinama anasuuza beseni. Alinyanyua uso wenye furaha.

"Umerudi, mwanangu? Pole na mzigo."

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "shuka lililokuwa hapa liko wapi?"

"Si hilo! Nimelirudia mara mbili, nikalitia na dawa." Bibi alijifuta mikono kwenye kanga. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana na kuwa nyekundu. "Sikulaumu. Siku hizi umechoka. Lakini wageni wapite waone shuka la namna ile kwenye kamba yetu? Waseme mkwe wangu hajui kufua? Ningeificha wapi sura yangu!"

Mama Mashuka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maneno yalimjaa kinywani kama vibanio, asijue aanze kutoa kipi. Jana jioni alifikiria kumwambia asiliguse shuka lile. Aliona haya. Utaanzaje kumwambia mama wa mumeo, aliyekufundisha kukamua, kwamba leo tunataka uchafu?

"Asante, mama," alisema.

"Usinishukuru. Aibu yako ni yangu."

Mkutano ulikuwa chini ya turubai. Wataalamu walikuwa watatu, wawili wa kubeba vyombo na mmoja wa kusema. Wa kusema alikuwa dada wa makamo, blauzi nyeupe, ramani imekunjwa kwapani. Alizungumza vizuri, bila kujikweza. Alieleza kwamba leo hawapimi kitu. Leo wanasikiliza, ili wajue wapime nini na wapi. Jioni mpango unakwenda ofisini, na ukishapitishwa kuubadilisha ni shida.

"Kwa hiyo semeni kweli," alisema. "Hali ya hewa hapa ikoje?"

"Nzuri tu!" waliitikia wote kwa pamoja.

Mama Mashuka alishika kichwa. Ndivyo walivyolelewa: ukiulizwa hali, unajibu nzuri, hata kama umelala hospitalini.

"Namaanisha hewa mnayovuta. Moshi?"

Watu walitazamana. Mama mmoja wa mbele, ambaye juzi tu kisimani alikuwa amewalaani wenye kiwanda mpaka vitukuu vyao, alitabasamu kwa adabu. "Moshi upo, lakini wa kawaida. Tunashukuru Mungu."

"Maji?"

"Yapo."

"Yakoje?"

"Mazuri tu."

Kisha yakaja maswali. Mmoja alitaka kujua kazi za kubeba zege zitaanza lini. Mwingine aliuliza kama wanawake wataruhusiwa kuuza chakula getini. "Hilo siyo la tathmini, baba," dada alijibu. "Hilo nalo siyo la kwangu, mama." Mama Mashuka alikuwa amenyoosha mkono tangu mwanzo. Mkono ukachoka, akanyoosha wa pili. Macho ya mwenyekiti yalipita juu yake kama yanayopita juu ya kiti kitupu. Mwishowe alisimama bila kuitwa.

"Sisi tunapata masizi," alisema. "Upepo ukigeuka, yanatushukia. Mimi ni mfuaji, nayaona kila siku kwenye mashuka. Dohani moja inatosha kunikosesha kazi. Ya pili ikisimama pale mbele, nitafua nini? Naomba mstari wenu uvuke barabara."

Mwenyekiti alikidaka kipaza sauti. "Huyu ni mfuaji wetu hodari, wageni wetu. Mtaa wetu ni msafi sana, kama mlivyojionea." Watu wakacheka, wakapiga makofi, makofi ya kumpongeza, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Wangemzomea angejua la kujibu.

"Nani mwingine anapata masizi?" dada aliuliza.

Wenye mifagio waliangalia miguu yao. Nani atasimama sasa aseme sisi ni wachafu, na maji ya mtaroni hayajakauka?

Dada hakuishia hapo. Mkutano ulipovunjika alimfuata Mama Mashuka mpaka uani, akapapasa shuka kwa kiganja, akageuza kiganja chake akakitazama. Akapanda juu ya jiwe akachungulia mabati. Akaenda mpaka mtaroni, akainama, akarudi.

"Umeona weupe huo?" mama mkwe alimwambia kwa fahari. "Mkwe wangu huyo!"

"Nimeona, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Dada akamgeukia Mama Mashuka. "Mimi nakuamini," alisema. "Lakini nisikufiche. Mstari ule umechorwa ofisini na watu wanaojua gharama ya kuusogeza. Nikienda kuwaambia niliambiwa kuna masizi, wataniuliza, uliyaona? Nikisema sikuyaona, wanakata sentensi yangu, basi."

"Yalikuwepo. Asubuhi hii yalikuwepo. Kwenye shuka hilo hilo."

"Yakaenda wapi?"

Mama Mashuka alitazama kando. Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kusikia, na furaha ilianza kumtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyonywea kwenye mchanga.

"Kumbe lilikuwa la kuonyeshwa?" bibi aliuliza.

"Siyo kosa lako, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Bibi alivitazama vidole vyake vyekundu, akavificha chini ya kanga. "Nimelirudia mara mbili," alisema, taratibu, kama anayeungama. Akamgeukia mgeni. "Mwanangu, ni mimi. Lilikuwa jeusi, nakuapia. Niandike mimi. Andika kuna bibi mmoja mjinga amefua."

"Mama, siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini? Si kweli?"

Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni, anawahimiza wageni kwa mikono miwili, gari liko tayari, jua linakwenda, foleni ya mjini mnaijua wenyewe. Wale wawili wa kubeba vyombo walikuwa wamekwisha vipakia. Dereva aliwasha gari.

Mama Mashuka aliwafuata mpaka njiani. Hasira alikuwa nayo, lakini haikuwa na mtu wa kumkamata. Mwenyekiti alitaka kuwaheshimu wageni. Majirani walikuwa na adabu. Bibi alimpenda. Na huyu dada alikuwa anamwamini! Angepata mtu mmoja tu mbaya siku ile angemshika shati, akapumua.

Dada alikuwa ameweka mguu mmoja garini.

"Dada," Mama Mashuka alisema. Hakupaza sauti. Aliushika mlango wa gari, akaushika vizuri. "Usiondoke. Sikuombi uniamini tena. Ngoja upepo ugeuke. Kaa hapa hapa, kwenye kiti, nitakuletea kiti. Ukigeuka hutahitaji shuka langu, utayaona kwenye hiyo blauzi yako."

"Utageuka saa ngapi?" dereva alidakia kwa kicheko.

"Sijui," alisema Mama Mashuka, macho yake bado kwa dada. "Ngoja tu. Tafadhali."

"Bosi, tunachelewa," dereva alisema.

Injini ilinguruma. Moshi wa dohani ulikuwa umesimama wima juu ya ukuta, haujaamua upande.

Dada alilowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu ya kichwa chake, akausikilizia upepo.