Ukuta wa Watu wa Kiatu Kimoja

Mtu akishavua kiatu kimoja, kusimama kunamshinda. Hilo nililijua wiki ya kwanza ya kazi hii, na wala sikulipata kwenye diploma. Diploma yangu ni ya utunzaji wa ghala, na ghala lenyewe lilifungwa kabla cheti hakijapata fremu, kwa hiyo nikabaki na ujuzi wa kutunza kitu ambacho hakipo. Viatu vipo. Watu wanatembea, soli zinalika, na mimi nakaa pale kona chini ya mti na nyundo yangu, gundi, sindano kubwa na chuma cha kugongea.

Lakini nusu ya kazi yangu ilikuwa ukuta. Ni ukuta mfupi, wa kufika magotini, unaozunguka maua mbele ya jengo kubwa la ofisi. Mteja anavua kiatu, ananipa, anachomeka mguu kwenye kandambili ninayomwazima, anakaa ukutani. Akikaa anaongea. Akiongea anasahau haraka zake, na akisahau haraka zake anageuza kile kiatu cha pili na kuona kumbe nacho kisigino kimekwenda upande. Ukimwondolea ukuta, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo, anakuhimiza, unamgongea msumari kombo, na harudi tena. Bila ukuta ule nyumbani kwangu tungekula kwa macho.

Hawakukaa wateja tu. Alikuwepo Mama Vocha, ambaye vocha aliacha kuuza zamani, jina likagoma kuondoka. Sasa anauza vifuniko vya simu. Na alikuwepo karani mstaafu, mzee nadhifu, mjane, aliyeleta viatu vyake kung'arishwa kila asubuhi ya kazi. Viatu vile vilikuwa vinang'aa kuliko paji la uso wangu. Nilikuwa navipitishia kitambaa, navirudisha, naye anakaa mpaka jua linageuka. Sikumwuliza. Nyumba yake ilikuwa imekuwa kimya mno, basi. Mama Vocha alikuwa akimtania kwamba akizidi kung'arisha, siku moja ngozi itatoboka na vidole vitamwambia shikamoo.

Sasa shemeji. Shemeji yangu ni mdogo wa mke wangu, yule wa mwisho kuzaliwa. Tulimlea sisi. Miaka yote ya shule na chuo alilala sebuleni kwetu, na kochi letu mpaka leo lina bonde la kiuno chake. Alipomaliza akapata kazi idara ya mipango miji, wale wanaochora mitaa ikae vipi. Kazini alitembea na tepu ya kupimia kiunoni, basi pale kona wakambatiza Futi. Alilipenda lile jina. Alikuwa mtu wa watu.

Mwaka mmoja akaanza kuja pale kwangu mara kwa mara. Anafika, analegeza tai, anakaa ukutani kama mteja, anauliza maswali. Aliniambia idara inataka kuipanga upya ile kona, na wakubwa wake wanachora wakiwa ofisini, hawajui watu wanaishi vipi barabarani. Akasema, "Wewe shemeji una macho. Nifundishe." Nikuambie ukweli, nilivimba kama andazi kwenye mafuta. Tangu ghala lifungwe hakuna mtu aliyeniomba nimfundishe kitu.

Basi nikamfundisha. Nilimwonyesha kwamba watu hukaa mahali ambapo mgongo una kitu nyuma yake na macho yana wapita njia mbele. Nilimwonyesha kivuli kinavyotembea, na watu wanavyosogea nacho matako kwa matako mpaka jioni wote wamerundikana ncha ya pili, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba amehama. Nilimwonyesha ile njia ya mkato kwenye nyasi, nikamwambia njia ya mawe ilichorwa na mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini. Nikamwonyesha benchi la chuma ng'ambo ya barabara, lililoelekezwa juani. Aliyelikalia ni kunguru tu, na hata yeye kwa mguu mmoja mmoja. Shemeji alicheka, akapima. Alipima ukuta, akapima kivuli, akapima hadi magoti ya karani.

Siku moja akaniuliza, tena kama mtu anayetania, "Na shemeji, mtu angetaka hawa wasikae hapa, angefanyaje?"

Mdomo wangu hauna breki panapokuwa na mcheko wa kuvuna. Nikamjibu, "Wala usiweke mgambo. Mgambo watagombana na mtu. Wewe uinamishe ukuta kidogo tu, umteremshe. Mtu akiteleza mara mbili anaondoka mwenyewe, na hatajua kwa nini. Atadhani amekumbuka kitu nyumbani."

Shemeji alicheka mpaka akafuta macho kwa tai. Mama Vocha naye alicheka. Na mimi nilicheka, kwa nini nikatae.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba mdogo wake anatujengea mabenchi ya maana, yenye kivuli. Jumapili shemeji alipokuja kula, mke wangu akampakulia kwenye sahani za wageni. Pale kona nikatangaza habari kama redio. Karani akaniomba jambo moja, tena kwa aibu: kama inawezekana, benchi moja liwe na pa kuegemea, maana mgongo wake siku hizi haumwelewi. Nilifikisha ombi. Shemeji akasema nimwambie mzee asiwe na wasiwasi, na mimi nikamwambia mzee vilevile, neno kwa neno, mkono wangu begani kwake.

Watu wa idara wakaizungushia kona mabati. Mimi nikahamia ng'ambo, jirani na kunguru, nikavumilia jua kwa moyo mweupe kabisa. Mabati yalipotoka wakubwa walikuja na mkasi wa kukatia utepe, wakapiga picha. Shemeji alikuwa mbele, kavaa viatu vipya.

Na palipendeza, siwezi kusema uongo. Ukuta ulikuwa umevikwa jiwe la kung'aa. Juu yake jiwe lilikuwa limelala upande, kidogo sana; ungepita mara kumi usione. Mti wangu ulikuwa umekatwa matawi ya chini yote, kivuli chake sasa kinaangukia katikati ya barabara, yanapumzika magari. Ile njia ya mkato imewekewa sakafu nzuri, na vyuma huku na huku, ukishaingia huwezi kupunguza mwendo, aliye nyuma anakusukuma. Mabenchi yalikuwepo. Yalikuwa ni chuma kimoja kilichoinama, cha kuegemeza makalio, si cha kuyaweka. Hapakuwa na kibao cha kumkataza mtu kitu chochote. Hapakuwa na mgambo.

Asubuhi iliyofuata nilirudi chini ya kile kilichobaki cha mti. Karani akaja na viatu vyake, akanipa, akakaa ukutani. Akateleza. Akajivuta, akakaa tena, akateleza tena, safari hii akashika jiwe kwa viganja viwili kama mtu aliye juu ya punda. Akatabasamu kwa haya. Kisha akasimama, akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Fundi, nadhani leo nirudi mapema," akasema. "Kuna kitu nimekumbuka nyumbani."

Nilibaki na viatu vyake mkononi, hata hakuvikumbuka. Nilimtazama akiondoka kati ya vile vyuma na kandambili zangu miguuni, na maneno yangu mwenyewe yanaondoka naye. Mama Vocha hakunitania. Alijishughulisha na vifuniko vyake.

Jumapili shemeji alikuja kula kama kawaida, akajitupa kwenye kochi, kwenye lile bonde lake. Nilijipanga kuanza kwa utani, utani ukanikimbia. Nikamwuliza tu kama jibu langu la siku ile ndilo lililokwenda ofisini.

Hakukataa. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeshaeleza kwenye mikutano. Wapangaji wa lile jengo la ofisi walikuwa wanalalamika kwamba pale mbele pamekuwa baraza. Walitaka mgambo, yeye akawazuia. Akawaambia kuna njia ya heshima zaidi, isiyomwonea mtu. "Wewe mwenyewe uko palepale, shemeji. Kuna mtu amekugusa?"

Nikasema hakuna.

"Kuna mtu amekufukuza?"

Nikasema hakuna.

"Unaona? Na nilikutaja. Niliwaambia wazi, mawazo mengi humu ni ya ndugu yangu, fundi viatu. Walikupigia makofi."

Alisema hivyo kunifurahisha. Hapo ndipo iliponichoma. Kama angenicheka ningejua nimechezewa, ningegombana naye tukamaliza. Lakini aliamini amenipa zawadi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Yeye hajawahi kumwambia mdogo wake huyu neno gumu, tangu akimbeba mgongoni. Akamwambia taratibu, "Inuka kwenye kochi."

Shemeji akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona dada yake hasogei pale mlangoni, akainuka. Akala akiwa amesimama, matonge mawili, akaaga.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na mimi nitafute namna. Nikaja na viti viwili vya plastiki, nikaviweka kando ya ukuta. Hakuja mkubwa yeyote kunikataza. Waliokuja ni wapita njia. Njia ilikuwa imebanwa na vyuma, kila kiti kilikuwa kinakula goti la mtu, wakaanza kunung'unika: fundi, toa makorokoro yako, fundi, unataka tuvunje miguu? Waliponinunia niliwatambua. Nusu yao nilikuwa nimewashonea viatu wakiwa wamekaa ukutani, wananiambia habari za wakwe zao. Sasa walikuwa wanapita mbiombio, macho kwenye kisogo cha aliye mbele. Vile viti nikavirudisha nyumbani.

Wateja wakapungua. Waliobaki walisimama kwa mguu mmoja, wakanihimiza, na mimi nikaanza kuwahimiza wao. Nilijisikia nikisema haraka, haraka, lete kingine, twende. Soga zikafa zenyewe. Nilikuwa nagonga misumari kama mtu anayefukuzwa, na sikumwona anayenifukuza.

Karani alirudi mara moja, kuchukua viatu vyake na kurejesha kandambili. Alikuwa amezifunga kwenye gazeti, amezisafisha. Akasimama mbele yangu anatafuta la kusema, mkono umeshika chuma. Nyuma yake foleni ya wapita njia ikaanza kujaa, mtu mmoja akasonya. Na mimi, ambaye mzee yule nilimwahidi pa kuegemea, nikafungua mdomo nikamwambia, "Mzee, sogea basi, unaziba njia."

Akasema samahani, fundi. Akasogea. Foleni ikamchukua.

Niliita. Sijui kama alisikia. Tangu siku hiyo ninamwona kwa mbali asubuhi, nadhifu vilevile, anazunguka mtaa na kuzunguka tena, kwa sababu anayetembea hasumbuliwi.

Shemeji hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu. Halafu siku moja ya kazi, jua limewaka, namwona anakuja kati ya vyuma anachechemea. Kisigino cha vile viatu vipya kilikuwa kimenaswa kwenye nondo za mtaro na kubaki humo. Ana mkutano, akasema, kwenye jengo lilelile, wanamngoja. Akavua kiatu, akanipa, akageuka akae.

Akateleza. Nilimwona anatazama jiwe, kisha anatazama kile chuma cha makalio, ambacho wakati ule kilikuwa kimechukuliwa na begi la mtu. Kandambili nilikuwa nimeacha kuzileta. Siku hizi hakuna anayekaa muda wa kuzivaa. Akasimama kwa mguu mmoja, soksi hewani, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kushika, akanishika bega.

Nikaanza kumgongea kisigino kingine. Kila nyundo ikishuka naye alikuwa anayumba, na uzito wake wote ulikuwa juu yangu, ule uzito niliowahi kuubeba usiku mmoja alipougua malaria, mtoto wa shule, kutoka kwenye kochi hadi kituo cha afya. Sikumwondoa mkono.

Akaanza kuzungumza. Mkutano ulikuwa wa kazi mpya: nje ya hospitali, pale langoni, ndugu wa wagonjwa wanajazana, wanatandika khanga, wengine wanakesha. Uongozi unataka pafunguke. Akainama karibu na sikio langu, sauti ikawa ile ya zamani, ya kulegeza tai.

"Wale unawaonaje, shemeji? Nini hasa kinachowaweka pale?"

Nilikuwa najua. Nimeshakaa pale langoni mimi mwenyewe, wakati mama mkwe, mama yake yeye, alipolazwa. Ninajua kwa nini watu wanakaa upande ule wa ukuta na si huu: dirisha moja la wodi linaonekana, na mgonjwa akisaidiwa kusimama anaweza kupunga mkono. Na utani ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wangu, mzuri, wa kumwangusha mtu.

"Sijui," nikasema.

"Aa, wewe? Wewe usijue?"

"Sijui, shemeji."

 Nikachomeka msumari wa mwisho, nikaugonga mara moja, nikapitisha kidole ndani kuhakikisha hautamchoma. Nikampa kiatu. Akakivaa akiwa bado amenishika bega, lakini kamba hakuweza kuzifunga, maana kufunga kamba kunataka mtu ainame mahali au aweke mguu juu ya kitu. Akabaki amesimama, ananitazama utosini. Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kurundikana.

"Shemeji," akasema, "utakasirika mpaka lini?"

Nikamwambia, "Sogea kidogo, unaziba njia."

Akaondoa mkono. Akasogea. Akaingia kati ya vyuma kuelekea kwenye mkutano wake, na kamba zake zinaburuzika, na waliokuwa nyuma wakawa wanazikanyaga.