Pazia la Uzi wa Glavu

Mengfan alikuwa hatulii hata kidogo. Watu walikuwa wanamiminika kwenye ukumbi wa sanaa wa Shenyang, na mama yake alikuwa bado hajatokea.

Katikati ya ukumbi lilining'inia pazia jeupe, kutoka darini mpaka sakafuni, lililofumwa kwa uzi wa glavu za kazi. Miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda cha chuma, mama yake, Bibi Qiu, alivaa glavu kuukuu mpaka vidole vikachungulia nje. Zile mpya alizogawiwa alizifumua, uzi akauweka mabonge chini ya kitanda. Akiba haiozi! Mengfan aliufuma wote, akaning'iniza humo vizibo vya chupa za chai, tyubu tupu za dawa ya meno na birika lisilo na mkono.

"Unaanika taka zetu hadharani?" mama alikuwa amefoka alipoalikwa. "Nije kuchekwa?"

Sifa za wageni hazikumshughulisha Mengfan. Alichotaka ni mama yake aje, aone jinsi vitu vyake vilivyopendeza.

Na mama akaja! Alifuatana na Bibi Tang, mwenzake wa kiwandani. Alilitazama pazia juu mpaka chini. Akashika ncha ya uzi iliyolegea.

"We mtoto, mbona hukufunga mwisho? Uzi huu si utapotea?"

"Mama, usi..."

Mama alikwisha kuvuta. Safu moja ikafumuka, ya pili, ya tatu. Vizibo vikaanguka sakafuni pu, pu, pu! Mlinzi akaja mbio.

"Mwache!" Mengfan alipiga kelele. "Ni vyake!"

Bibi Tang alikuwa ameshanyoosha mikono azungushiwe uzi.

"Tang, usinitie mafundo!"

"Mafundo ni yako, Dada Qiu, tangu enzi za kiwanda!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wazee wa kike wakaweka mikoba chini, wakajitosa kusaidia, kila mmoja akitaja alichowahi kufuma kwa uzi wa glavu zake: suruali, soksi, nguo za mtoto. Mengfan alicheka huku machozi yanamtoka. Mama yake aling'aa uso kama bibi harusi.

"Nimekuharibia pazia. Umekasirika?"

"Hata kidogo, Mama."

"Basi geuka."

Mbele ya umati, Bibi Qiu akampima mabega kwa shubiri, kama alivyokuwa akimpima utotoni.

"Umenenepa. Lakini uzi unatosha sweta." Akatoa sindano za kufumia mkobani, akaketi. "Na ukilichoka sweta hilo usilitupe, unasikia? Niletee tulifumue."