Ua Jeupe la Kinamasini

Kwa miaka kumi na tisa mtunza mimea wa ofisi ya kilimo alikuwa akikausha majani, akiyashona kwenye karatasi ngumu na kuyaandikia. Hakuwahi kukasirika kazini kama siku alipoliona bango. "Jihadhari, Sumu!" liliandikwa, na chini yake picha ya mboga ambayo dada yake aliyeishi bondeni aliipika kila wiki. Mmea wenye sumu yenyewe, ule wa kinamasini wenye maua meupe yaliyotandaa kama mwavuli, ulipewa alama ya kijani: salama.

Nani kazibadilisha picha? Bosi mwenyewe.

"Sumu haiwezi kuwa na ua zuri namna hii," alimwambia mchapaji.

Si angeuliza! Mama wa watu angempasulia shina kwa wembe, amwonyeshe pale karibu na mzizi vile vyumba vitupu vilivyopandana kama ngazi, na utomvu wa njano, ndiyo sumu yenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wiki tatu alimfuata kumwomba ayaondoe mabango.

"Bosi, watu watakufa. Dada yangu nimempigia simu. Majirani zake je?"

"Mama, mabango yameshabandikwa. Usitutie aibu."

Aibu! Watu wafe ili ofisi isione haya? Alirudi chumbani kwake.

Alhamisi bosi alirudi ofisini kutoka kukagua mabango bondeni, viatu tope tupu, mkononi fungu la maua meupe ya kupambia meza, yameng'olewa na mizizi yake. Kijiti kimoja cha mmea huo kilikuwa mdomoni, akichokonolea meno.

Mtunza mimea alikipiga kofi kikaruka hadi dirishani.

"We mama, una wazimu?"

"Tema! Tema nakwambia!"

Akashika wembe, akapasua shina moja juu ya mafaili ya bosi. Vyumba vile vile. Utomvu ule ule wa njano.

Bosi alikodoa macho, kisha akakimbilia bomba. Alisukutua na kutema huku akimpigia dereva kelele: apelekwe hospitali, na mabango yote yang'olewe, leo hii, sasa hivi!

Jumatatu bosi alirudi, akaja mlangoni kwa mtunza mimea, sauti imekauka.

"Lakini mama, ungenieleza vizuri."

"Wiki tatu nimewalilia watu wa bonde zima, hukusikia. Ulimi wako mmoja ulipoguswa na sumu, mabango yote yaling'olewa kwa siku moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, bosi."

Akamfungia mlango.