Yeye wa Lóránt

Wivu ulimpanda Szabolcs pale Emőke alipomtoa Lóránt uzi kwenye kola. Uzi wenyewe ulikuwa mmoja tu, mweupe, na Szabolcs alikuwa ameuona tangu asubuhi walipokuwa wakivaa, akaupuuza. Sasa amekaa nyuma ya kioo katika chumba cha kuongozea matangazo, anavitazama vidole vya huyo msichana mtangazaji wa hali ya hewa vikitalii shingoni mwa mwanamume wake, na Hungaria nzima inatazama pamoja naye.

Yote haya yaliletwa na wakubwa. Televisheni yao, Meko, ilikuwa ikihubiri kutwa kucha kwamba familia ni baba, mama na watoto, mpaka watazamaji wakaanza kuuliza: huyu msomaji wenu wa habari, mtanashati hivi, mbona hana hata mchumba? Wakubwa wakamtafutia Lóránt mchumba wa kuigiza, Emőke. Na mahubiri hayo mwandishi wake alikuwa nani? Szabolcs huyohuyo. Alikuwa na kalamu kali. Kila Jumatatu aliwachambua wanaume wanaopendana mpaka wakabaki mifupa, kisha jioni akarudi nyumbani kumpikia Lóránt supu ya samaki. Majirani walimjua kama mpangaji. Ungemuuliza anawezaje, angekujibu kazi ni kazi, na angekununia.

Lakini hili la Emőke lilimkaa kooni.

"Usivimbe bwana," Lóránt alikuwa amemwambia jikoni. "Majibu ya kipindi si unaniandikia wewe? Basi jiandike mwenyewe. Kila nikisema yeye, ujue ni wewe."

Szabolcs akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Kihungaria kina yeye mmoja tu, kama Kiswahili chetu. Hakiulizi ni mume au mke. Wanaume kama wao wameishi ndani ya neno hilo miaka na miaka, wakiongea na mama zao, na mapadri, na mabosi, bila kusema uongo hata mmoja. Akajiandika kwa raha zake.

"Haya mwanangu, tupe siri," Mama Ildikó, mwendeshaji wa kipindi, alikuwa akisema sasa studioni. "Ulimpendea nini?"

"Yeye hulala dirisha wazi, mama, hata theluji ikianguka. Mimi natetemeka, yeye anakoroma."

Ukumbi ukacheka. Emőke akajifunika uso kwa haya za kuigiza. Koroma basi, bibie, Szabolcs akamwambia kimoyomoyo.

"Kumbe Emőke anakoroma!" Tihamér, mwongozaji wa matangazo, akampiga Szabolcs kiwiko. "Uzuri wote ule!"

"Na akikasirika," Lóránt akaendelea, "yeye hufua. Hata nguo safi anafua."

Huyo naye alikuwa Szabolcs mtupu. Moyo ukaanza kumtulia. Wacha wamshangilie msichana wao. Anayependwa mbele ya taifa zima ni yeye.

 Kisha Lóránt akatazama chini, akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa la kamera.

"Na akicheka sana, hushikwa na kwikwi. Halafu anaziba mdomo kwa mkono wangu, si wake. Hapo ndipo nilipokwisha."

Szabolcs hakuwahi kushikwa na kwikwi kwa kucheka. Yeye hucheka kwa pua, mara mbili, basi. Akamwangalia Emőke, na Emőke alikuwa amemgeukia Lóránt kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kwa hiyo si yule msichana. Angalau angekuwa yule msichana! Angekuwa na uso wa kuuchukia. Akawapitisha kichwani wanaume wa karibu na Lóránt, mmoja mmoja: yule mpiga picha mpya, wale wa kwaya, rafiki wa kuogelea wa kila Alhamisi. Neno lililowaficha wao wawili miaka yote sasa lilikuwa linamficha mtu mwingine, Szabolcs asimjue.

Mbele yake palikuwa na kitufe cha kusemea kwenye sikio la Lóránt, cha kumkumbusha anaposahau maneno. Akakibonyeza.

"Kwikwi za nani?"

Kwenye skrini, Lóránt akashtuka.

"Lóránt. Nakuuliza. Ni nani huyo?"

"Vipi mwanangu, mbona umebadilika?" akauliza Mama Ildikó.

"Hamna kitu, mama. Kuna mtu ananipigia kelele sikioni." Akacheka, akakichomoa kile kidude cha sikioni, akakitia mfukoni. Kisha akaushika mkono wa Emőke, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kidole cha Szabolcs kilikuwa bado kwenye kitufe. Tihamér alikuwa akijifuta macho.

"Nawe kwa utani, kumchokoza mtu yuko hewani! Ila leo umetia fora, kaka. Hiyo ya kwikwi imeniliza kweli. Maneno kama yale unayatoa wapi?"

"Hayo sikuyaandika mimi," Szabolcs akasema.