Gemu la Ngolo

Nilimwambia Vitalis alete usipa, vile vidagaa vya ziwani, akaniletea televisheni. Huo ndio mwanzo, na watu wa kijiji chetu cha Ruanda wanaosema kwamba nilimwonea mume wangu waanzie hapo.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kutufuata majumbani. Zamani ulipeleka kahawa yako chama cha ushirika, ukasubiri, ukasubiri tena. Sasa magari yalikuja hadi mlangoni. Mtu anapima, analipa, anaondoka na vumbi lake. Wanaume wetu walichanganyikiwa. Huyu alinunua redio ya spika mbili, yule baiskeli ambayo milima yetu haimruhusu hata kuipanda. Vitalis yeye alishuka ziwani, Mbamba Bay, akakutana na wachuuzi waliovuka kutoka Malawi, akarudi juu ya lori amekumbatia televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, betri ya gari, na kidude chenye waya na vitufe.

"Hiki nini?"

"Gemu, Mama Lidia. Dunia imefunguka."

"Na usipa?"

Alikuwa ameusahau.

Mwanetu Lidia alikuwa anasoma Mbinga mjini, anakaa kwa shangazi yake, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili na hicho kidude. Mwanzoni sikukichukia. Nilivuta kigoda nikatazama. Kwenye kioo kulikuwa na mteremko uliogawanywa miraba, safu chini ya safu, nami nikacheka, "Baba Lidia, mbona hili ni ngolo?"

Kwa asiyejua: milima yetu ni mikali, ukilima ovyo mvua moja inashusha shamba lote mtoni. Ndiyo maana sisi Wamatengo tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa miraba, na hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke ndiye anayeingia na jembe. Anasimama katikati ya mraba, anachimba na kutupia udongo juu ya nyasi pande zote nne. Nyasi zinakuwa tuta, na pale aliposimama panabaki shimo la kushika maji. Mwanamume hafukii, na mwanamke haulizi. Ukikuta nyasi zimelazwa, unafukia. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake.

Ndani ya gemu kulikuwa na kijitu kidogo kama punje ya ulezi, kinakimbia juu ya mistari. Nyuma yake alikuja mwingine, polepole, ana kitu begani.

"Huyo ni nani?"

"Adui. Akinifikia nimekwisha."

"Mbona amefunga kitenge?"

Vitalis alicheka, macho hayatoki kiooni. "Wewe nawe! Ni vidoti tu hivyo."

Basi ikawa ndiyo kazi. Asubuhi gemu, mchana gemu. Nyasi alizokwisha kufyeka kwenye kipande chetu cha chini ya nyumba zilikauka, zikanyeshewa, zikaanza kunuka. Mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha. Maharage yasipoingia ardhini mvua ikiwapo, hayaingii tena, na bila maharage nyumba yetu inakula nini? Kahawa hailiwi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa kelele, nikamwambia mbele ya mdogo wake Othmar ili aone haya. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Kisha nikaanza kuogopa. Nikiingia na ugali, mkono wake uliruka juu ya vitufe kabla hajageuka kunitazama. Akienda chooni hakukata uwanja kama mtu. Alinyooka, akasimama, akakunja kona, akanyooka tena. Mimi nikiogopa huwa nafoka, ndivyo nilivyoumbwa. Nikafoka, "Vitalis, maharage tutapanda kwenye kioo?"

Akajibu taratibu, bila hasira, "Usinifuate. Kila ukinifuata mistari inapungua."

Nilitaka jambo moja tu: mume wangu arudi shambani. Ijumaa ile ya Kwaresima nilikwenda misa ya asubuhi, nikapiga magoti nikaomba kwa maneno hayohayo, bila kuongeza. Mrudishe shambani.

Niliporudi, nyasi zilikuwa zimelazwa.

Nilisimama njiani na rozari mkononi nikashangaa. Kipande chote, kuanzia juu hadi chini, miraba kwa miraba, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Hata baba yake mzazi, aliyesifika hadi Kitura, hakulaza nyasi namna ile. Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikamtetea moyoni: kumbe ameona haya, ameamka nilipoondoka, amefanya kazi ya mwanamume. Kutoka nyumbani nilisikia ti-ti-ti ya gemu lake, nikasema mwache apumzike, anastahili. Sikuingia ndani. Nilichukua jembe lililoegemea ukutani, nikakaza kitenge, nikashuka.

Nilifukia. Mraba baada ya mraba, nikiimba. Kule juu ile ti-ti-ti ilizidi kwenda mbio kila nilipotupa udongo, nami nikatabasamu, nikasema leo anashinda. Katika safu za chini kulikuwa na mahali nyasi zilikuwa nene, zimetuna. Nilidhani ni haraka yake. Nikatupia udongo zaidi, nikaushindilia kwa bapa la jembe mpaka ukakaa sawa. Udongo ulikuwa na uvuguvugu, na hata hilo nilifikiri ni jua. Muda mfupi baadaye gemu lilinyamaza, nikamshukuru Mungu kwamba amelizima.

Nikapanda nyumbani kumwambia kazi imekwisha.

Kiti kilikuwa kitupu. Kidude cha vitufe kilikuwa chini sakafuni, na televisheni ilikuwa inawaka bila sauti. Miraba ilikuwa ileile, lakini mistari ilikuwa imenenepa, imejaa, kama matuta. Ukingoni juu alisimama yule mwenye kitu begani. Sasa nilimwona vizuri. Kilikuwa jembe. Chini kabisa, ndani ya mstari, kile kijitu kilikuwa kimelala kinatetemeka.

Nilipiga yowe lililomleta Othmar kutoka ng'ambo ya kijito.

"Shemeji, kuna nini?"

"Kaka yako yumo humo. Nimemfukia."

Aliniangalia kama mwenye kichaa. Kisha akaangalia kioo, na uso wake ukabadilika, maana naye ni Mmatengo, shamba la kaka yake analijua, na kijitu kilikuwa kinakuna mdomo kwa mkono wa kushoto kama Vitalis anavyofanya tangu utotoni. Picha ilikuwa imeanza kujikunja kutoka pembeni. Betri ilikuwa inachoka. Sote wawili tulijua kwamba kioo kikizima hatutajua tena alipo.

"Kaa hapa dirishani," nikamwambia. "Unielekeze."

Nilishuka mbio na jembe. Dirisha letu linatazama shamba, sauti inafika bila taabu.

"Shuka, shemeji! Shuka tena! Kulia! Hapo hapo!"

Nilipasua tuta. Nyasi tu, zinatoka mvuke.

"Amehama! Yuko kushoto kwako!"

Nikapasua la kushoto. Nyasi.

"Amehama tena." Sauti ya Othmar ilikuwa inakatika. "Shemeji, anakukimbia. Kila ukiinua jembe anakimbia."

Mume wangu alikuwa chini ya udongo nilioutupa kwa mikono yangu, hana pumzi, na bado mtu aliyemwogopa ni mimi. Miezi yote ile nilidhani nagombana na kidude. Nililia kwa sauti pale kwenye shimo, nikalirusha jembe mbali, nikaanza kufukua kwa kucha.

"Baba Lidia, ni mimi. Sikufukuzi. Maharage yaache, shamba liache. Njoo tu."

Kisha Othmar akapiga kelele, "Amesimama! Amegeuka! Shemeji, anakuja kwako, yuko mraba wa..."

Nilisubiri amalizie. Nilipoinua kichwa, alikuwa ametoka dirishani, amesimama mlangoni mikono imelegea.

"Betri," alisema.

Majirani walikuja, tukalifukua shamba lote hadi udongo mwekundu wa chini. Hatukupata hata kandambili yake. Wengine wanasema alishuka ziwani akavuka Malawi na wale wachuuzi wake. Wanasema hivyo kwa kunihurumia. Othmar alipeleka betri mashineni Mbinga ikachajiwa, tukawasha. Miraba ilikuwepo. Kijitu hakikuwepo. Mwanamke peke yake alikuwa amesimama ukingoni juu na jembe lake. Nilibonyeza kitufe kimoja, akapiga hatua. Nikakitupa kile kidude, Othmar akaifunika televisheni kwa gunia, betri akaichukua kwa ajili ya redio yake. Siku ile ile tulirudisha matuta palepale yalipokuwa, maana mvua haingoji msiba, na Lidia alihitaji kula.

Sasa ngolo haikai vilevile daima. Kila baada ya miaka miwili tunaigeuza: nyasi mpya zinalazwa juu ya mashimo ya zamani, na pale palipokuwa na tuta ndipo mwanamke anaposimama kuchimba. Kilichofukiwa kinatoka juu. Mwaka huu ni zamu ya kipande kile. Othmar alilaza nyasi jana, akaenda zake.

Leo nimekwenda baada ya chai. Nyumba nimeifunga, hakuna mtu ndani, na betri iko kwa Othmar. Nilisimama ukingoni juu, jembe begani, na sikuweza kushuka. Niliogopa kwamba yumo. Niliogopa kwamba hayumo. Zaidi ya yote niliogopa kwamba yumo na ataniona na jembe.

Ndipo nikasikia ti-ti-ti kutoka nyumbani, taratibu, na mguu wangu wa kulia ukapiga hatua. Sikuuambia.

Nililiweka jembe chini. Lilikuwa zito kuachia, lakini niliachia.

"Vitalis," nikasema, "kama ni wewe unayebonyeza, polepole. Sina kitu mkononi. Nionyeshe tu ni mraba upi."

Mguu ulingoja kidogo, kisha ukashuka safu ya kwanza, nami nikaufuata.