Mafuta Mikononi mwa Arafa

Tasnim alibonyeza spika bila kukusudia, ujumbe wa sauti wa Dokta Godlove, mkuu wake wa maabara, ukajaa chumba kizima: "Mara ya tatu DNA haijashika protini. Kaa hukohuko Mafia. Jumatatu meza yako nampa mwenzako Victoria."

Akina mama waliokuja kumsindikiza bibi harusi, Arafa, wakaangua kicheko.

"Umesikia?" shangazi Zubeda akadakia. "Hizo nyuzi zako za maabara zenyewe hazikutaki! Na hapa Ndagoni mchumba anakutaka."

"Basi akachumbie nyuzi, shangazi. Labda yeye zitamkubali."

"We mtoto, mdomo huo!"

Tasnim alikuwa anabandua hina kwenye viganja vya Arafa. Maskini! Maua yote yamefifia, rangi ya chai ya mgonjwa.

"Fundi mbovu!" mmoja akapiga kelele.

Tasnim akainama akanusa kiganja. Nazi.

"Arafa, umejipaka mafuta?"

"Shangazi kasema bibi harusi asikae na mikono mikavu."

Shangazi akatazama dari. Na Tasnim, hapohapo, mwili ukamsisimka. Mafuta yalitangulia, hina ikakosa pa kushika. Na kule maabara je? Alikuwa ameuwekea uzi wa DNA ndoano ya kemikali mwishoni, halafu akatia gundi ya kuunganisha ndoano hiyo na protini. Ila bafa, yale maji ya kuhifadhia DNA, nayo imejaa ndoano za aina ileile! Gundi iliishia kushika bafa. Uzi hauna kosa. Hakuusafisha, basi!

Akashika simu, akarekodi mbele ya wote.

"Dokta, shikamoo. Meza yangu asipewe mtu. Gundi imekamatwa na bafa. Naitoa kwanza, naweka bafa isiyo na ndoano, ndiyo natia gundi."

Jibu likaja upesi. "Na ukikosea tena?"

"Nitakosea nikiwa mezani kwangu."

Arafa akaacha hata kupepea mikono. Ujumbe wa Dokta ukaingia.

"Haya. Jumatatu. Mara moja tu."

Tasnim akapiga kigelegele peke yake, hakuna aliyemwitikia, akapiga cha pili.

"Leteni sabuni na ndimu," akasema. "Tunaanza upya."

Shangazi akanyanyuka kuchukua beseni, amenuna. "Na mchumba nimwambie nini?"

"Mwambie nina kazi Jumatatu."